Simba Mwenye Kiwele wa Papa Salomon Kahongya

Asanteni nyote mliokuja kumsindikiza. Papa Salomon Kahongya alizaliwa Kipese tarehe 14 Machi 1958, katika familia ya wakulima wa viazi. Alisoma kwa mapadri hapo hapo, akaacha mwaka wa sita alipofiwa na baba yake, Mzee Syauswa.

Mwaka 1975 alikwenda Butembo kujifunza kuchora mabango. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ng'ombe wa duka la maziwa. Alimkata kwenye katoni, na tangu hapo kila mnyama wake alitoka kwenye katoni ile: alipitisha kalamu pembeni, kisha akabadili kichwa na mkia. Tembo wake walikuwa na miguu ya ng'ombe, na hakuna mteja aliyelalamika.

Tarehe 9 Juni 1984 alifunga ndoa na Anne-Marie Kavugho, wakahamia Beni.

Mwezi wa Mei 2000, waasi walioushika mji walimwamuru achore simba dume juu ya maneno TUNALINDA NCHI. Askari walimharakisha, akasahau kuondoa kiwele cha yule ng'ombe wa katoni. Bango liliposimamishwa sokoni, watu walicheka hadi wakashika mbavu. Papa alifungwa siku ile ile, ikasemekana atapigwa risasi.

Anne-Marie, akiwa na mimba ya Bénite, alimpelekea chakula, akamkuta kamanda mlangoni.

“Bwana yako anatuita banamuke!”

“Hapana, mon commandant. Simba dume analala tu. Mama wa batoto njo anakamata adui.”

“Na zile nywele kwa shingo?”

“Alisuka kwanza. Si alijua atatoka mu soko?”

Walinzi waliangua kicheko, kisha kamanda mwenyewe. “Kamata bwana yako, muende. Bango ibakie.”

Mwaka huu wa 2003 Papa aliugua ini. Waasi walikuwa wameshaondoka na maneno yamefutwa, lakini simba alibaki. Papa aliomba ngazi ili afute kiwele, maana alikionea haya.

“Papa Bénite, acha ile maziwa,” mkewe alimwambia. “Njo ilikurudisha kwetu.”

Papa alicheka. Akapanda ngazi, akachora watoto watatu wa simba wakinyonya. Hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho. Alifariki Beni tarehe 19 Agosti 2003.

Ameacha mjane, Anne-Marie, na watoto Mathe, Jokébed na Bénite, aliyezaliwa baada ya baba yake kufunguliwa.

Bwana ampe pumziko la amani, nasi tuliobaki atupe nchi yenye amani.