Dougald Currie na Mibonyeo ya Mtungi Namba Mbili

Leo, Ijumaa tarehe 28 Machi 2014, Bwana Dougald Currie anastaafu baada ya kuutumikia mtungi namba mbili wa kukenekea wiski, yaani wa kuichemsha na kukusanya mvuke wake, hapa Port Sgarbh kisiwani Islay, Uskoti, kwa miaka arobaini na mmoja. Anayeandika haya ni Mairead Gillies, mnusaji wa kiwanda, anayeipima wiski kwa pua, aliyefanya naye kazi miaka ishirini na tisa na kugombana naye karibu yote.

Wiki yake ya kwanza kazini, Dougald aliugonga mtungi huo wa shaba kwa ngazi, ukabonyea upana wa sahani ya supu. Meneja wa wakati ule alimwandikia barua ya kumfukuza. Kabla hajaikabidhi, akaonja wiski mbichi ya siku ile na kukuta ile ladha ya moshi, ambayo ndiyo sifa ya wiski ya Islay, imepata utamu ambao viwanda jirani havikuwa nao. Barua ikachanwa, Dougald akapandishwa cheo.

Mtungi ulipochakaa mwaka 1998, mafundi waliagizwa kuunda mwingine wenye mbonyeo uleule. Ndiyo desturi yetu: hakuna anayejua ladha imejificha wapi, basi hakiguswi kitu. Walipima kwa rula siku nne, mwishowe wakanyoosha mikono, ikaletwa ngazi na Dougald akaombwa agonge tena. Pigo la kwanza alikosea. Kwa hiyo leo kuna mibonyeo miwili, na ule wa makosa nao ni marufuku kuunyoosha.

Tatizo lilikuja mwaka jana, alipoomba kustaafu. Mkewe, Elspeth, ni mtu wa Speyside, ng'ambo ya bahari huko Uskoti bara, ambako wiski ina asali na tufaha, na ya kwetu wanaiita dawa ya kidonda. Alikuja Islay kwa makubaliano ya miaka mitatu tu. Uongozi ukaingiwa na hofu: itakuwaje kama ladha imo ndani ya Dougald mwenyewe? Ikaandikwa orodha ya mazoea yake, kurasa kumi na moja. Hukalia ndoo iliyopinduliwa. Saa nne hula mkate na samaki wa chumvi. Huimba zaburi za Kigaeli kwa sauti mbovu. Mrithi wake, Ranald Darroch, mwenye miaka hamsini na mbili na sauti nzuri ya kwaya, alipewa miezi mitatu ya kuiharibu.

Elspeth akaenda ofisini akiwa na koti linalochuruzika mvua.

"Mume wangu mmemtia mtungini miaka yote hii," alimwambia meneja. "Sasa nimiminie mimi kilichobaki, nikanywe kwetu."

Wakaafikiana tufanye jaribio. Dougald akae nyumbani wiki nzima, Ranald aendeshe mtungi, kisha mimi ninuse glasi mbili bila kuambiwa ipi ya nani. Zikitofautiana, Dougald anabaki miaka mitano mingine. Dougald, ambaye hajawahi kuvunja ahadi, alitia saini bila kubishana. Siku ya kunusa Elspeth alisimama mlangoni akinitazama.

Nilinusa, nikarudia.

"Hizi pacha," nikasema. "Hata aliyezizaa angezichanganya."

Meneja akashusha pumzi na kuidhinisha barua ya kustaafu.

Sasa, kwa kuwa barua ina muhuri na makochi yao yamekwisha vuka kwa feri, niseme kweli. Glasi ya Ranald niliitambua kabla haijafika puani. Ilikuwa safi, nzuri, na haikuwa na mtu ndani. Katika miaka ishirini na tisa pua yangu imedanganya mara moja tu, na ningeidanganyisha tena kesho. Meneja, pole, tutaizoea. Ranald, wewe endelea na zaburi.

Dougald, nitakukumbuka kila asubuhi nikiinua glasi, na inaniuma tangu sasa. Asante kwa kazi yako. Tunakutakia wewe na Elspeth siku nyingi njema huko kwenye wiski tamu, ila tunakuomba usituandikie kwamba umeipenda.