Chupa ya Chumvi Irudi kwa Cherotich

Mgeni rasmi, Bi. Kemunto, afisa wetu wa elimu, karibu Chekalini. Viatu vitachafuka kidogo. Tope letu halibagui cheo. Sisi wazazi wa Shule ya Ploti Kumi tumefurahi kukuona.

TULIKOTOKA

Kila mzazi hapa huleta gunia la mahindi ya chakula cha mchana cha watoto. Zamani kila mtu alileta alichotaka, na watoto waliumwa matumbo. Ndipo mwalimu Weldon akawafundisha watoto wa 4K, chama cha kilimo shuleni, kupima: weka mahindi na chumvi kwenye chupa kavu, tikisa. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi hayajakauka, yataota kuvu. Yarudi nyumbani yakaanikwe. "Msimwogope mtu," aliwaambia. Cherotich wa gredi ya saba akapewa chupa.

TULIPOKOSEA

Mwishoni mwa Septemba, mwenyekiti wetu Protus Khisa alileta gunia lake. Mvua ilikuwa imemsumbua wiki nzima na alijua mahindi yana maji. Alidhani cheo kitayakausha.

Cherotich akatikisa chupa. "Baba Mildred, chumvi imenata."

"Mimi nimelima kabla mama yako hajaolewa. Utanifundisha mahindi?"

"Hapana, baba. Lakini gunia lirudi."

Mama Selpher akapaza sauti kwenye foleni: "Khisa, kimbia ukaanike, jua bado lipo!"

Watu wakacheka. Khisa alihisi masikio yanawaka. Akamnyang'anya mtoto chupa, akamfukuza kutoka stoo. Sisi tuliokuwa tukicheka tukanyamaza. Gunia likaingia.

Wiki tatu baadaye kuvu ilikuwa imeharibu magunia sita. Tuliyachoma, na watoto wakasoma na njaa siku nne.

Nyumbani, Mildred alimwambia baba yake, "Ingekuwa ni gunia la Mama Selpher, ungesema lirudi." Khisa aliacha obusuma, ugali wake, kwenye sahani. Tulikuwa tumewafundisha watoto kutetea haki, na mmoja aliposimama, tulimwacha peke yake.

TUNACHOJIVUNIA

Tuna vyoo vipya na stoo ya mabati. Lakini fahari yetu ni mtoto huyu. Khisa alipomwendea kwao kumwomba arudi, Cherotich alimkaribisha chai, kisha akasema, "Baba, ulinifukuza mbele ya watu. Nirudishe mbele ya watu."

OMBI

Mgeni rasmi, tunahitaji tangi la maji. Barua yake utapewa. Leo tunakuomba uwe shahidi tu.

Cherotich, mwenyekiti alikosa, na sisi tulikosa kwa kunyamaza. Utusamehe. Chupa hii hapa, imeoshwa na kukaushwa. Gunia jipya la Khisa liko mlangoni, halijaingia. Njoo ulipime. Chumvi ikinata, atalibeba mwenyewe hadi kwake, nasi tutamcheka njia nzima.

Mungu akulinde barabarani, mgeni rasmi, na awape watoto wetu shibe na ujasiri.

Ni sisi wazazi wa Shule ya Ploti Kumi, Chekalini.

Msomaji: Protus Khisa, mwenyekiti.