Écran ya Tata Badibanga

Banc yetu iko ku kona, pale avenue yetu inatokea ku barabara kubwa ya Dilala. Ni ubao moya yulu ya bidon mbili, na mi, Mama Mado, njo nauzishaka kahawa pale. Wateja yangu ya kila asubui ni baprofesseurs batatu bila diplôme. Wa kwanza ni Dynamite, jina yake Stany, alikuwa mucreuseur, muchimbaji wa mukono, mupaka siku bei ya cobalt ilianguka na baaskari bakabafukuza bote mu carrière. Wa pili ni Docteur, jina yake Kisimba, mutengenezaji wa baradio. Ukimupelekea radio inakohoa, anakurudishia radio imenyamaza. Wa tatu ni Tata Badibanga, tunamuita Secrétaire, zamani karani ku bureau ya mine. Ile siku ya commission alifika na ordinateur mu mukono, uso kama mutu anatoka ku kilio.

Commission ni nini? Kampuni ya mine ilikuwa inapanua shimo yake ya kuchimba, na manyumba ine ya avenue yetu, ya hawa batatu na yangu, ilikuwa mu njia. Commission itapita siku ya ine, kati ya saa tatu na saa tano ya asubui, kupiga hodi. Mwenye nyumba atoke, aonyeshe kama ni yake, bamuandike, bamupatie fasi ingine. Asiyeandikwa atabeba mafurushi yake aende kwenye anajua. Secrétaire ni Mukasai, anajua mambo ya kufukuzwa. Mwaka wa 93, wakati balibafukuza Bakasai mu mukoa hii yetu barudie kwabo, baba yake alikufia ku gare ya train na clé, ufunguo ya nyumba, mu mufuko, bila karatasi hata moya. Ile clé Secrétaire anatembea nayo mupaka leo. Basi safari hii alisema: haiwezi kufanyika tena. Alitupiga photo, kila mutu mbele ya mulango yake, akatia yote mu ordinateur.

Secrétaire: Bandugu, muone. Écran ya ordinateur imeharibika, kioo yote.

Dynamite: Mama yangu! Nani aliikwangula vile? Paka?

Secrétaire: Jana nilikuwa ku taxi-moto. Niliitia mu gunia ya bunga, pamoja na clé ya marehemu. Ile barabara na mashimo yake... Clé iliikwangula yote.

Docteur: Iwashe.

Aliiwasha. Photo zilikuwa ndani, lakini mukwaruzo ilitoka kona mupaka kona, na ingine kidogo kidogo mingi sana. Haukujua kama unaangalia Dynamite ao mulango ya Dynamite.

Mi: Peleka kwa mutu wa baordinateur, kule ku soko.

Docteur: Mama Mado, na mi niko nani?

Mi: Mutu wa radio.

Docteur: Radio ni ordinateur yenye haina macho, basi. Hapa dawa ni moya: dawa ya meno. Meno ni kitu nguvu, écran ni kitu nguvu. Ni jamaa moya.

Alitosha dawa ya meno mu sakoshi yake ya kazi. Musiniulize baradio inapigaka muswaki na nini. Alisugua, alisugua, na kitambaa ya suruali. Écran ikakuwa nyeupe, hata mulango tena hatukuiona.

Dynamite: Unasugua kama unabembeleza mutoto! Kidole moya haiuwe chawa. Tutie mikono yote!

Mi: Ile methali ni ya chawa, Dynamite.

Dynamite: Nimeosha malachite miaka kumi na mbili, mama. Jiwe ikiwa chafu, unatia mu gunia, unatia maji, unatikisa.

Secrétaire: Hautatia ordinateur yangu mu gunia!

Dynamite: Sasa jana nani aliitia mu gunia? Mi?

Saa tatu ilipita. Nilibaambia moya wetu arudie akalinde manyumba, juu batoto beko ku masomo.

Docteur: Haraka haraka haina baraka. Batu ya commission beko na jeep, batatokea tu ku barabara kubwa. Tutabaona bakingali mbali.

Dynamite: Na mwenye kurudia, kikombe yake nakunywa mi.

Hakuna mwenye aliinuka. Mi pia niliendelea kumimina, juu kahawa ilikuwa inatembea muzuri. Nasema kweli, sifichi.

Docteur: Mi sasa nimeelewa. Ugonjwa haiko ya yulu, iko ya ndani. Mu batterie muko nini?

Dynamite: Cobalt.

Docteur: Cobalt ya wapi?

Dynamite: Ya hapa! Mi mwenyewe niliichimbua!

Docteur: Njo ile! Ordinateur hii amezaliwa hapa, balimupeleka Chine, amerudia kwabo. Anafika, anakuta mwenye alimuchimbua anakaa ku banc bila kazi. Anasikia haya. Anajifunika uso.

Dynamite: Kumbe ananijua!

Na alilegea, mujinga ule. Aliinama karibu na ordinateur, akasema polepole:

Dynamite: Mutoto, usisikie haya. Bei njo ilianguka, hapana mi.

Tulicheka mupaka bidon zikatikisika. Secrétaire hakucheka.

Secrétaire: Mucheke tu. Mi nilimuona baba yangu ku gare anaonyesha clé. Mukubwa wa pale akamuuliza: clé hii ni ya mulango gani? Sasa atamujibu nini? Mulango haibebekake mu mufuko. Leo milango niko nayo humu ndani, yote ine, na siwezi kuionyesha. Naogopa, bandugu. Naogopa sana.

Roho iliniuma. Docteur pia ilimuuma, na kwa huruma akaongeza vaseline.

Saa tano kahawa iliisha. Nilikuwa nafunga thermos wakati musichana moya alitokea nyuma yetu, kutoka ndani ya avenue, kwa miguu. Alivaa gilet ya orange, viatu vumbi tupu, rangi nyekundu ku bidole. Aliomba kahawa, nikamuonyesha thermos. Ku gilet kuliandikwa jina: Shekina.

Shekina: Batata, munafanya nini hapo?

Bote batatu balimueleza mara moya: meno, malachite, Chine. Alichukua ordinateur, akapanguza kona na mouchoir, akatafuta na kucha. Kha! Plastiki ikatoka muzima, pamoja na mikwaruzo yake na dawa ya meno yake.

Plastiki ya ku duka! Miaka tatu iko pale. Lakini nani kwetu anatoshaka plastiki? Biti bya Secrétaire binalia wageni wakikaa, frigo yangu ingali nayo, télé ya Docteur pia. Ukitosha plastiki, kitu imeanza kuzeeka.

Écran ilikuwa safi sana. Dynamite mbele ya mulango yake, na veste ya kuazima. Docteur na radio. Mi na sufuria yangu. Secrétaire ameinua clé yulu. Tulipiga kelele ya furaha, Dynamite akacheza, Secrétaire akapanguza macho.

Secrétaire: Sasa commission ikuye! Ikuye hata sasa!

Shekina: Commission ni siye, tata. Jeep ilikwama, tulianzia kule ku mine, kwa miguu. Avenue hii tumemaliza, chef amekwenda na karatasi. Manyumba ine, tulipiga hodi mara tatu tatu. Hakuna mutu. Tumeandika ku milango: nyumba bila mwenyewe.

Aliangalia écran: sura ine, milango ine. Halafu aliangalia banc.

Shekina: Asubui yote hii mulikuwa wapi?

Docteur alirudisha dawa ya meno mu sakoshi. Dynamite aliangalia viatu. Mi nilitikisa thermos, kama mutu anatafuta kitu ndani.

Secrétaire alitia mukono mu mufuko, akatosha ile clé ya baba yake, akamuonyesha Shekina.