Daktari Spès Kanyange na Kabati la Mvua

Wasikilizaji wapendwa, mlio nyumbani, mlio kazini, mlio njiani, karibuni tukae pamoja kidogo. Mimi ni Scovia. Leo tunamkumbuka Daktari Spès Kanyange, mtafiti wa mvua na maporomoko ya udongo, aliyefariki Jumatano iliyopita kwa ugonjwa wa figo. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Alipima mvua ya vilima vya Kigali kwa miaka kumi na tisa. Na kwa miaka kumi na miwili kati ya hiyo, vipimo vyake hakumwonyesha mtu yeyote.

Spès alizaliwa Ngozi, Burundi, kwa wazazi Wanyarwanda. Baba yake alikuwa fundi wa paa. Mvua ikinyesha, baba alitoka nje kusikiliza ni nyumba gani inavuja, na binti alimfuata. Alikuja Kigali akiwa mwalimu wa jiografia. Akarudi darasani, akasoma hadi akaitwa daktari. Mwaka 2006 alianza kazi aliyoipenda kuliko zote. Alinunua vipima mvua kumi na vinne, akavipeleka kwenye nyua za watu wa kawaida. Kila asubuhi saa moja, mwenye nyumba anatoka, anasoma maji yamefika wapi, anaandika kwenye daftari. Kila mwezi Spès anapita kukusanya.

Watu kumi na wanne, wasikilizaji. Hakuna aliyekuwa mtafiti.

Mwaka 2010 alikuja mgeni kutoka chuo cha mbali. Mtu mpole, mcheshi. Aliomba vipimo vya miaka minne ili waandike makala pamoja. Spès akampa vyote. Makala ikatoka. Jina la Spès halikuwemo, wala la yeyote kati ya wale kumi na wanne.

Mumewe, mzee Audace, aliniambia hivi sebuleni kwao Kibagabaga: "Hakulia. Alinunua kabati la chuma. Akaweka madaftari ndani, akafunga, ufunguo akauvaa shingoni pamoja na rozari. Nilimwambia, Mama Ingrid, utaumia shingo. Akasema, nimeshaumia kwingine."

Akaendelea kukusanya, akaendelea kufunga. Watafiti wenzake walimwandikia barua, hakujibu. Mmoja alikuwa Shallon, binti aliyekulia Mbarara, aliyetaka kujua mvua ikifika kiasi gani ndipo udongo wa kilima unaanza kutembea. Shallon alikwenda ofisini kwake mara tatu. Mara ya tatu Spès alimwambia, "Binti yangu, panda vipima mvua vyako. Rudi baada ya miaka kumi."

Shallon anacheka akilikumbuka neno hilo. Siku ile hakucheka. Anasema, "Nilishuka ngazi nikiwa na hasira. Miaka kumi! Na watu wanakaa chini ya kile kilima sasa hivi."

Aliyemgeuza Spès hakuwa profesa. Alikuwa Muzehe Benon wa Kanombe, mwanajeshi mstaafu, mmoja wa wale wapimaji. Siku moja Spès alikwenda kuchukua daftari, Benon akalishika, hakulitoa.

"Dogiteri," akasema, "mimi iko napima miaka kumi na tano. Hata siku ya kuzika mke wangu nilipima kwanza. Sasa niambie, nani anasoma hii?"

Spès akasema, "Mimi ninasoma."

"Wewe peke yako?"

"Mimi peke yangu."

Benon akamkabidhi daftari. Mzee Audace anasema mkewe alirudi nyumbani, akakaa kwenye gari uani karibu saa nzima.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, aliwaita wapimaji wote nyumbani. Chai, mandazi, viti vya kuazima. Akawaeleza wazi: anataka kuweka vipimo vyote kwenye mtandao, bure, mtu yeyote asome. Lakini vipimo si vyake peke yake. Akawauliza, mnakubali?

Mama Mukabalisa, anayeuza mboga na kuishi chini ya kilima chenye mteremko mkali, alisimama. "Dogiteri, mukiandika kwa internet nyumba yangu iko mahali mubaya, nani atanunua kiwanja changu? Watoto nitawaachia nini?"

Swali zito. Spès hakulikwepa. Walizungumza hadi chai ikapoa. Wakakubaliana: vipimo vitaandikwa kwa kilima, si kwa nyumba. Na majina ya wapimaji yatawekwa juu kabisa, kwa anayetaka. Kumi na wawili walitaka. Wawili hawakutaka, na hadi leo majina yao hayapo.

Ilimchukua mwaka mzima kunakili madaftari. Binti yake Ingrid alimsaidia. Anasema mama aliogopa kitu kingine kabisa. "Niligundua si wizi tena aliouogopa. Aliogopa watu waone makosa yake."

Na makosa yakaonekana. Vipimo havikuwa vimemaliza hata wiki sita mtandaoni, mhadhiri mmoja wa Gitega, Bwana Nduwayo, aliandika kwa heshima kubwa kwamba katika kituo kimoja, kwa miezi minne, mvua ya kila Jumapili ilikuwa imeandikwa tena Jumatatu. Spès akafungua daftari. Kweli. Daftari lilikuwa sawa; kosa liliingia wakati wa kunakili, na aliyelinakili ni yeye mwenyewe.

Mzee Audace: "Alisema, Audace, wameniona. Siku mbili hakula vizuri. Siku ya tatu akamjibu yule bwana, akamshukuru, akasahihisha, akaandika pale pale kwamba kosa limegunduliwa na Nduwayo. Kisha akaniomba supu."

Na mtu wa kwanza ambaye Spès alimpigia simu siku vipimo vilipotoka alikuwa nani? Shallon. Spès alimwomba msamaha. Wakaanza kufanya kazi pamoja. Kutoka kwenye ile miaka yote, Shallon alipata alichokitafuta: kwa kilima cha Mama Mukabalisa, mvua ya siku tatu ikipita kiasi fulani, watu wasilale pale.

Aprili mwaka jana kiasi hicho kikafika. Ilikuwa Jumanne mchana. Shallon alimpigia mkuu wa mudugudu, yaani kitongoji, mkuu akapita mlango kwa mlango. Familia tisa zikahamia kwa ndugu na majirani. Wengine walinung'unika. Jumatano asubuhi udongo ukashuka.

Spès alikuwa hospitali, mashine ikisafisha damu yake, simu ilipoita. Ingrid aliishika sikioni kwa mama. Ilikuwa sauti ya Mama Mukabalisa: "Dogiteri, jiko langu limekwenda. Choo kimekwenda. Sisi wote tuko."

Ingrid anasema mama yake alirudia maneno mawili tu, mara nyingi: "Wote wako. Wote wako."

Kwako mzee Audace, kwako Ingrid, kwa wapimaji wote kumi na wanne, poleni sana. Mungu ampokee mama yetu, awape nyinyi nguvu.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, hasa mlio watafiti, wauguzi, walimu, nyote mnaoandika mnachokiona: kuibiwa kunauma, na kusahihishwa mbele za watu kunauma. Spès aliumizwa na yote mawili, na bado mwishowe alifungua kabati. Jiulizeni tu, ni nani anayesubiri kile mlichokifungia? Mama Mukabalisa amejenga upya, upande wa pili wa barabara, mahali palipo tambarare. Jumapili alinialika. Watoto wake walikuwa wakigombana nani atandike meza, na hakuna aliyewanyamazisha.