Dada Kapewa Usimamizi

Benchi letu liko nje ya kibanda cha kinyozi, limeegemea ukuta uliong'aa kwa mafuta ya visogo vya watu. Birika la kahawa ni langu, jiko ni langu, na maneno yote ya pale hupita kwangu kwanza kabla hayajaenda mtaani kuharibika. Wa kudumu ni watatu. Wembe ndiye kinyozi mwenyewe. Hodari, ila akiwa na mawazo usimpe kichwa chako. Saruji ni fundi wa kujenga, anakosoa kila nyumba ambayo hakuijenga yeye. Redio anashona viatu, na jina lake halina haja ya maelezo. Asubuhi hiyo Wembe alimfukuza mteja akiwa kanyolewa upande mmoja, akaja kukaa. Baba yake alifariki mwaka jana, kaacha nyumba moja. Wembe na dada yake mkubwa ndio watoto. Mnunuzi kapatikana, dada yuko mahakamani anamsubiri aje aseme mbele ya hakimu kwamba amekubali nyumba iuzwe. Naye kajikunja kwenye benchi kama paka aliyemwagiwa maji.

— Siendi, akasema. Mahakama imempa dada nyumba.

— Imempa nyumba, au imempa usimamizi? nikamuuliza.

— Usimamizi wa mirathi, Bibi. Si ndiyo hiyo hiyo?

Saruji akaweka kikombe chini.

— Usimamizi! Mimi nimefanya kazi chini ya wasimamizi tangu sijaota ndevu. Msimamizi hashiki koleo, hachanganyi zege. Lakini jengo la tajiri likifika kwenye paa, na la kwake linachipua mtaa wa nyuma. Ukimuuliza saruji imetoka wapi, anasema ni baraka.

— Huyo ni msimamizi wa ujenzi, nikasema. Wa mirathi anakusanya mali ya marehemu, analipa madeni yake, anawagawia wenyewe. Basi.

— Anawagawia kwa mkono gani, Bibi? Si huo huo aliokusanyia?

Wembe akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa ugonjwa wake. Redio akaona zamu yake imefika.

— Tangazo mmeliona? Limebandikwa pale mahakamani. Eti mwenye pingamizi ajitokeze. Hebu niambieni, mtu mwenye nia safi anatangaza kutafuta wa kumpinga?

— Ni sheria, Redio, nikasema. Mirathi zote hutangazwa.

— Ndiyo ujanja wenyewe huo! Wanatangaza zote, ili ya huyu isishtue mtu.

Kuna ujinga ulionyooka mpaka huwezi kuupinda.

— Halafu kuna mambo ya majina, Wembe akasema kwa sauti ya chini. Hati ya nyumba ina jina la baba la ujanani. Cheti cha kifo kina jina tulilomzika nalo. Dada kaenda kula kiapo kwamba ni mtu mmoja.

— Kala kiapo? Redio akasogea. Kitu cha kweli kinaliwa kiapo? Wewe umewahi kula kiapo kwamba hili ni benchi?

— Majina mawili, watu wawili, Saruji akakata shauri.

— Ni baba yangu, Saruji! Nilikuwa namnyoa mimi mwenyewe.

— Ulikuwa unamnyoa mmoja. Huyo wa kwenye hati alikuwa ananyolewa na nani?

Ningecheka, lakini Wembe alikuwa kweli anafikiria. Redio naye hakumpa nafasi ya kumaliza.

— Huyo wa kwenye hati yu hai. Yuko mahali, ana watoto. Na huyo mnunuzi wenu, mimi nawaambia, ni mtoto wake! Anarudisha nyumba ya baba yake kimyakimya. Dada yako anajua.

— Ndiyo maana alipokuja kuiona hakugonga hata ukuta mmoja, Saruji akasema. Mimi nikinunua nyumba nagonga kuta zote.

— Wewe umenunua nyumba gani? nikamuuliza.

— Nikinunua, Bibi. Nimesema nikinunua.

Wembe akasimama.

— Naenda mahakamani, lakini siendi kukubali. Naweka pingamizi. Kila kitu kisimame.

— Kisimame mpaka lini? nikamuuliza. Mnunuzi atakwenda zake, nawe na dada yako mtakuwa mnasalimiana kwenye korido za mahakama mpaka hakimu aote mvi.

— Bora tukose wote.

— Kwenye kikao cha ukoo, dada yako alipopendekezwa awe msimamizi, ulikuwepo?

— Nilikuwepo.

— Ukasema nini?

— Sikumpinga. Sikujua kama ana njama.

— Sasa unajua?

— Si umewasikia wenyewe?

Hakuwahi kuondoka. Mwanamke mmoja alikuwa anakuja upande wetu, mikono bado ina povu la sabuni, hatua za mtu aliyeacha nguo kwenye beseni. Wembe akamwahi.

— Shikamoo, mama mdogo.

— Marahaba.

Ndiye mjane wa baba yake Wembe. Mzee alimwoa baada ya mama yake Wembe kufariki, wakati Wembe bado anapigana na kamasi. Humo kwenye nyumba inayouzwa ndimo alimomuuguza mumewe, na humo ndimo anamolala mpaka leo. Alinisalimia, akakataa kukaa.

— Wamekuja watu wawili na futi, akamwambia Wembe. Wametumwa na mnunuzi, wapime vyumba. Wakaniuliza mimi ni nani humu. Nikawajibu, mama mdogo wa watoto. Yule mwenye futi akasema sawa, mdogo wake mama yao, si mrithi, ndivyo walivyoambiwa mahakamani. Akaniuliza narudi lini kwetu.



— Nani kawaambia mahakamani? Saruji akauliza.

— Kikao cha ukoo ndicho kilichopeleka majina ya warithi, mama yule akajibu, bila kumtazama. Mimi sikuitwa, nilijua ni mambo ya watoto na baba zao wadogo. Wembe, walipouliza habari zangu, mlisema nini?

— Dada alisema huyo ni mama mdogo.

— Na wewe?

— Nikasema ndiyo. Mama mdogo. Si ndivyo tunavyokuita?

— Mnaniita hivyo tangu baba yenu aniingize mle ndani. Na mama yenu hakuwa na mdogo. Alizaliwa peke yake, unajua.

Nilimtazama Wembe usoni. Mimi nimetazama nyuso za watu juu ya vikombe miaka mingi. Uso ule ulikuwa na aibu, ulikuwa na jasho. Mshangao haukuwemo.

— Sijaja kugombana, mama yule akasema, akifuta povu kwenye gauni. Nguo zangu ziko kwenye maji. Nataka kujua jambo moja tu, kisha nirudi. Siku ile kikaoni, neno lilipokutoka mdomoni, ulikuwa unamsema mama mdogo yupi?

Saruji akageuka kuukagua ukuta. Redio akavuta uzi ambao haukuwa na kiatu. Nilimimina kahawa nikampa yule mama. Wale watatu vikombe vyao vilikuwa vitupu, na hakuna aliyethubutu kuninyooshea.

Simu ya Wembe ikaanza kulia mfukoni. Sote tulijua ni dada, hakimu keshaingia. Ikalia ikakatika, ikaanza tena. Wembe kasimama vilevile, mkono uko njiani kwenda mfukoni, haufiki.

— Pokea, baba, yule mama akamwambia. Na yeye nimuulize.