Gia Iliyokaa Miaka Minne Rafuni

Tangu amzike mkewe, mzee mgane hakuwa ameona mnyonge akishinda. Wakubwa hupandisha ushuru, lawama humwangukia mwenye kibanda. Asubuhi hiyo basini, kiti cha mbele yake, muuza mikate alikuwa amepakata gurudumu la baiskeli, akimlalamikia mama asiyemjua.

“Wenye viduka vya spea ni wezi, mama. Gia ya nyuma mara mbili ya bei ya duka kubwa! Nikanunua huko kwa wakubwa, nayo haiingii. Wiki ya pili hii mikate naibeba kichwani.”

“Haitaingia hadi kiama, mwanangu. Hesi za kukazia gia kwenye gurudumu hili ni za kizamani.” Mama akafungua boksi miguuni pake. “Mimi ni mmoja wa wezi hao. Wamenivunjia kibanda, nahamisha mali. Jaribu hii.”

Muuza mikate akaizungusha kwa vidole viwili, kwa dharau. Ikaingia yote, ikakaa. Gurudumu likalia tiki-tiki-tiki. Abiria wakashangilia, na mgane akapiga makofi kana kwamba waziri amefukuzwa kazi.

“Haya, bei?” akauliza muuza mikate. Mama akaitaja. “Lo! Si ileile mara mbili?”

“Imekaa rafuni kwangu miaka minne ikikungoja wewe. Duka kubwa lingekungoja?”

“Nipunguzie basi, mama.”

“Ningekuwa mtu wa kupunguza, ningeshafunga zamani, na leo ungeipata wapi?”

Basi likasimama. Wakashuka wangali wanabishana, ila gurudumu muuza mikate kalikumbatia kwa mikono miwili, na gia hakuifungua.