Taa ya Laini ya Kumi na Nne

Wapendwa katika Bwana, ndugu, majirani na wote mlioacha kazi zenu kuja kutusaidia kubeba msiba huu: shangazi yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa Jumamosi, tarehe 3 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana ukuta na kinu cha kusaga unga. Baba yake alikuwa fundi wa mitambo ya kinu hicho. Shangazi alikuwa wa kwanza katika watoto wawili. Mdogo wake, ambaye ndiye baba yangu mimi ninayesoma, alizaliwa tarehe 20 Agosti 1955.

Kinu kilinguruma kutwa, na mikanda yake haikuwa na kizuizi. Kwa hiyo babu aliweka sheria moja tu nyumbani: mtoto akiitwa, aitike mara ya kwanza. Asipoitika, ilichukuliwa kwamba mkanda umemkamata. Shangazi alipokuwa na miaka saba alinyamaza makusudi, kwa kuwa alikuwa chini ya kitanda na kiganja cha sukari ya kuiba. Babu alizima mitambo, wateja wakaachwa wamesimama na madebe yao, akaingia mbio amejaa unga kichwa hadi miguu. Hakumchapa. Aliketi sakafuni akishika kifua, akasema, "Kataa neno, mwanangu. Wito usikatae." Tangu siku hiyo Shangazi akiitwa alijibu "Nipo!", hata akiwa usingizini. Jina likamganda. Mdogo wake hakuwahi kumwita vingine: Dada Nipo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1965, kisha sekondari ya wasichana hadi kidato cha nne mwaka 1969. Huko ndiko alikobatizwa, Jumapili ya Pasaka ya mwaka 1967. Likizo ile alirudi na daftari alilolipiga mstari katikati. Upande mmoja aliandika majina ya watu walio tayari kumlaki Yesu atakaporudi, upande wa pili wasio tayari. Jina la mdogo wake lilikuwa upande wa pili, kwa penseli.

"Mbona wengine kwa wino, mimi penseli?"

"Nimekupa nafasi ya kutubu."

"Haya, nipe na kifutio. Nianze na lako."

Walicheka wote wawili. Lakini daftari hakulitupa.

Baada ya miezi sita ya chuo cha uchapaji, tarehe 1 Februari 1971 aliajiriwa na hospitali kuu kuwa opereta wa simu. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi. Kilitosha kiti kimoja, feni ya mezani na ule ubao wa simu wenye matundu sitini. Juu ya kila tundu palikuwa na taa ndogo kama punje ya hindi. Laini ikiita, taa yake iliwaka, naye alichomeka waya, akasema, "Hospitali, nipo." Katibu wa hospitali alimkataza mara tatu.

"Binti, sema 'Hospitali, habari ya saa hizi.'"

"Mzee, mtu ana mgonjwa mikononi. Habari ya saa hizi ataitolea wapi?"

Katibu akaacha. Mzee aliyeendesha lifti, rafiki yake wa miaka yote, alikuwa akimchokoza: "Wewe hata shetani akipiga utamwitikia." Naye alimjibu: "Nitamwitikia, halafu nimwunganishe na lifti yako, akwame humo humo."

Tarehe 12 Juni 1976 alifunga ndoa na dereva wa gari la wagonjwa. Bwana huyo aliipenda sauti kabla ya kuuona uso, alipofika chini ya ngazi mara ya kwanza alisema, "Kumbe hii sauti ina mwenyewe!" Mungu hakuwajalia mtoto. Mume wake alifariki mwaka 1985 kwa ugonjwa wa ini, naye hakuolewa tena.

Sehemu inayofuata aliniagiza mwenyewe niisome. Nilimwambia watu hawasomi mambo kama haya kaburini. Akasema, "Mimi sitaki kupakwa rangi. Ukiwaambia nilikuwa tayari, waambie na siku ambayo sikuwepo."

Mwaka 1988 baba yangu alikuwa seremala katika karakana ya hospitali hiyo hiyo, lile jengo la mabati nyuma ya chumba cha kufulia. Alitengeneza vitanda, milango na majeneza. Walimwita Fundi Randa. Mama alikuwa amefariki wakati wa kunizaa, na baba alianza kunywa. Saa ya chakula, wenzake walipotoka, alipiga laini ya ndani, ya kumi na nne, kumwimbia dada yake nyimbo za kanisani kwa maneno ya kubuni. Siku nyingine alilia tu. Shangazi alikuwa wakati huo mwalimu wa akina mama kanisani, na somo lake lilikuwa moja: jinsi ya kukaa tayari. Alifundisha kwamba Bwana akirudi asimkute mtu kwenye kikao cha walevi. Jumatano tarehe 12 Oktoba, katikati ya somo, baba alisimama mlangoni akiyumba.

"Dada Nipo! Huyo Bwana wenu akifika, mwambieni apitie karakana. Na yeye ni seremala, tutaelewana."

Akina mama waliangua kicheko. Shangazi alimfuata mlangoni akamwambia, kwa sauti ya chini, "Usinipigie tena. Kwangu mimi wewe hupo."

Ijumaa tarehe 14 Oktoba, saa saba na dakika ishirini mchana, taa ya laini ya kumi na nne iliwaka. Shangazi alikuwa na lile daftari, akiandika somo la Jumapili. Aliitazama taa. Alijua ni nani. Kisha akalisimamisha daftari mbele ya ubao, likaifunika. Alisema mwanga ulipenya karatasi, akawa anasoma maandishi yake mwenyewe kwa nyuma. Iliwaka kwa muda wa kuimba beti nne za tenzi. Ikazimika.

Wenzake baba walirudi saa nane. Msumeno wa mashine ulikuwa umemkata paja, mkono wa simu ukining'inia juu yake. Chumba cha dharura kilikuwa umbali wa hatua mia mbili. Daktari alisema hakuwa na harufu ya pombe hata kidogo.

Shangazi hakumwambia mtu. Siku ya mazishi alinishika mkono, mimi nikiwa na miaka sita, akanipeleka kwake, akanilea kama mboni ya jicho. Somo la Jumapili ile hakulifundisha. Akina mama walipomwuliza, alisema, "Nilikuwa nawafundisha kutazama juu. Nitawaambia nini?" Daftari alilichoma jikoni. Nilikuwepo, nilidhani anawasha mkaa.

Baada ya hapo hakukuwa na mtu aliyemwita mara mbili. Mlango ulipobishwa alikuwa ameshasimama hapo. Mlevi wa mtaani, yule aliyetukana kila mtu, alikuwa akimpigia kelele kutoka barabarani, "Mama Nipo, nina njaa!" naye alitoka na sahani, hata kama ni yake. Nilimnung'unikia siku moja: "Shangazi, utaitikia walimwengu wote?" Akasema, "Bwana hajaniambia atatumia sauti ya nani." Kanisa zima likamwona kuwa kielelezo. Mchungaji alimsimamisha mbele ya watu akasema, "Huyu mama, taa yake haizimiki." Aliposikia neno taa aliketi kabla ya makofi kwisha, akiwa na jasho usoni.

Mwaka 1991 karakana ilihamishwa. Mafundi walikata waya wa laini ya kumi na nne na kuchomoa balbu yake. Lakini mzee wa lifti aliniambia, juzi tu hapa msibani, kwamba saa saba na dakika ishirini kila siku ya kazi alimwona akichomeka waya katika tundu lile.

"Mama, hiyo laini imekufa."

"Najua."

"Sasa unaongea na nani?"

"Siongei. Naitika tu."

Mzee anasema siku moja alipita pale Shangazi akiwa chooni, akatazama mahali pa balbu, akaona mwanga. Inawezekana ni jua la kwenye korido. Hakutaka kuapa, nami sikumlazimisha. Ninachojua mwenyewe ni kwamba Jumamosi na Jumapili, saa hiyo hiyo, Shangazi aliacha kijiko, akaenda kusimama mlangoni, akasema "Nipo," kisha akarudi kula. Nilikua nikiamini ni sala.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2006. Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Alilazwa mwishoni mwa Aprili mwaka huu wa 2024, katika hospitali ile ile, wodi ya juu ya ngazi yake. Wauguzi walisema alilalamikia simu inayoita bila kupokewa. Walikagua. Hapakuwa na simu iliyokuwa ikiita.

Jumamosi tarehe 4 Mei alinishika kiganja akaniambia yote haya niliyowasomea. Alimaliza kwa kusema, "Taa iliwaka. Niliiona. Nisamehe, mwanangu, nipate kwenda." Niliuondoa mkono wangu. Nikatoka, na siku tatu sikukanyaga wodini.

Jumanne tarehe 7, nikiwa kazini katika duka la vifaa vya ujenzi, simu yangu iliita juu ya kaunta. Kioo kiliandika: Shangazi. Sikutazama saa, sikuwa na haja. Ilikuwa saa ya chakula. Nilichukua kitabu cha risiti nikaifunika.

"Dada, simu hiyo," mwenzangu aliyekuwa akipima misumari alisema.

"Naiona."

"Basi ipokee. Au mnadaiana?"

Mwanga ulikuwa unapenya karatasi. Nikaitoa, nikaiweka sikioni.

"Nipo, Shangazi."

Nilisikia anapumua. Kisha, kwa sauti ya mtoto, "Umeitika."

"Nimeitika. Lile neno bado nalikataa. Wito siukatai."

"Inatosha," akasema. "Baba yangu angesema inatosha."

Nilikwenda jioni ile, na kila siku baada yake. Nilimwogesha, nilimsuka nywele, tulicheka habari za shetani na lifti. Msamaha niliuona unakuja moyoni kama mtu anayetembea polepole, na nilipanga kumwambia Jumapili ya tarehe 19, baada ya ibada, tukiwa wawili. Nilidhani Jumapili ni yangu.

Alhamisi tarehe 16 Mei, mchana, alikuwa amelala. Nilikuwa namenya chungwa. Alifumbua macho, akatazama mlango, wala si mimi. Akasema kwa sauti ya kazini, safi kabisa, "Nipo." Uso wake ukatulia, kama mtu aliyesikia upande wa pili sauti aliyoitambua. Sisi wodini hatukusikia kengele. Kama ni baba aliyepiga, au ni Bwana, sijui. Muuguzi aliandika saa katika faili, nilimwomba asinisomee.

Ameacha binti mmoja wa kulea, ndiye mimi, mkwe mmoja, wajukuu wawili, ambao wote wanajua kuitika, rafiki yake mzee wa lifti, akina mama wa kanisa, na mlevi wa mtaani, aliyefika leo asubuhi amevaa shati safi na kukaa mstari wa nyuma. Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, mchungaji na ninyi nyote.

Wapendwa, sina somo. Bwana atarudi, hilo tunaliamini, na siku hatuijui. Mimi nilikuwa na siku tisa na neno moja tu la kusema, na nimechelewa. Kama simu yako imefunikwa mahali, ifunue.

Shangazi, lile neno ulilotaka ni hili: nimekusamehe. Nalisema mbele ya watu, kwa kuwa tulipokuwa wawili sikulisema. Sasa lala, upumzike kwa amani. Na asubuhi ile Bwana atakapokuita, wewe na mdogo wako hapo kando, itikeni mara ya kwanza.